Mwanya si Ufa: Tahakiki ya Istilahi za Kutomea Njia za Mabamba

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa mbele yetu ili yasanifiwe, vijitabu vya kazi za mikono ndivyo vinavyopewa uzito mdogo kuliko vyote. Sheria na hotuba hupitiwa neno kwa neno, lakini kijitabu cha kumfundisha mtu namna ya kutengeneza bomba au ukuta hudhaniwa kuwa ni jambo jepesi, kwa kuwa msomaji wake ni fundi na fundi "ataelewa tu". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Mfano wetu ni kijitabu kimoja kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kinachofundisha namna ya kujaza upya nafasi zilizo kati ya mabamba ya njia za bustani. Jina la kijitabu na la mfasiri hatutayataja, kwa sababu makosa tutakayoyaeleza si ya mtu mmoja. Tumekwisha kuyaona katika tafsiri nyingi za aina hiyo.

Yafaa kwanza kazi yenyewe ielezwe. Nchini Uingereza ni desturi njia za bustani kutandikwa mabamba ya mawe au ya zege. Mabamba hayo hayagusani. Kati ya moja na jingine huachwa nafasi ya kiasi cha milimita 10, nayo hujazwa mchanganyiko wa mchanga na saruji. Miaka ikipita, mvua na jalidi huula mchanganyiko huo. Majani huota, sisimizi huchimba, na maji hupenya hadi chini ya bamba na kuuchukua mchanga uliolilaza. Hatimaye bamba huanza kucheza mtu akilikanyaga. Ili kuzuia hayo, fundi hutoa mchanganyiko wa zamani uliooza, husafisha nafasi, kisha hujaza mpya. Kwetu pia njia kama hizo zipo katika viwanja vya ofisi, hospitali, shule na hoteli, na kila mwaka fedha za umma hutumika kuzitengeneza. Kwa hiyo kijitabu hiki si cha kupamba rafu, kimekusudiwa kutumika.

Mfasiri wetu anastahili sifa kwa mambo kadhaa. Ameandika tindo, nyundo, mwiko na pima maji bila ya kubabaika, na ameyaita mabamba mabamba, hakuyaita vigae, kwa maana kigae ni chembamba nacho hubandikwa. Lakini alipofika kwenye kiini cha kazi, yaani nafasi, tendo la kuijaza, kitu kinachojazwa, na uangalizi wa baadaye, istilahi zake zimempotosha, na zitampotosha fundi pamoja naye.

1. Jina la nafasi

Katika kurasa za mwanzo nafasi iliyo kati ya mabamba mawili inaitwa kiungo. Baadaye, bila ya maelezo, inaitwa ufa. Tuanze na kiungo. Neno hili lina kazi nyingi katika Kiswahili: kiungo cha mwili, kiungo cha mchuzi, mchezaji wa kiungo. Wingi wa maana si kosa kwa nafsi yake. Paa la nyumba na paa wa porini hawajapata kumchanganya mtu, kwa sababu hawakutani katika sentensi moja. Ila katika kazi ya uashi maana mbili za kiungo hukutana kila siku. Mchanga, saruji na maji ni viungo vya mchanganyiko. Fundi akiambiwa achanganye viungo kabla ya kujaza viungo, itambidi asome mara mbili, na maelezo ya kazi yanayolazimu kusomwa mara mbili yana walakini.

Kuna ubaya mwingine uliojificha zaidi. Kiungo hutoka katika kuunga, nacho hutoa picha ya vitu viwili vilivyoshikamana. Mabamba ya njia hayaungwi hivyo. Hutengwa kwa makusudi, ili tofauti ndogo za vipimo vyake zipate pa kuishia, na ili ncha zake zisisagane. Anayefikiri kwamba anaunga atadhani kuwa kazi ya mchanganyiko ni kulishika bamba lisicheze. Kumbe kinacholishika bamba ni kitanda kilicho chini yake. Bamba linalocheza halitengenezwi kwa kujaza pembeni. Sharti ling'olewe na kulazwa upya, ndipo nafasi zijazwe. Kijitabu cha Kiingereza kinalisema jambo hilo vizuri, na tafsiri pia inalisema, lakini istilahi iliyochaguliwa inalipinga katika kila ukurasa.

Ufa ni kosa kubwa zaidi. Huenda mfasiri alivutwa na methali yetu mashuhuri, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ni dhara. Ni kitu kilichotokea mahali ambapo hakikutakiwa kuwapo. Nafasi kati ya mabamba imetakiwa tangu mwanzo, nayo ilipimwa. Tuchukulie kwamba ofisi fulani imeandika katika mkataba wake kuwa mkandarasi "atayaziba nyufa zote za njia". Mkandarasi huyo akija akaziba mabamba 3 yaliyopasuka, akaziacha nafasi zote zikiwa tupu, atakuwa ametimiza mkataba barabara. Ofisi haitakuwa na la kumdai, kwa sababu maneno yake yenyewe yatamtetea.

Sisi tunaona kwamba neno linalofaa ni mwanya. Kila Mswahili anajua mwanya wa meno. Ni nafasi ya kuzaliwa nayo, haihesabiwi kuwa ugonjwa, na watu wengine huiona kuwa ni uzuri. Jino likianguka, nafasi iliyobaki haiitwi mwanya, huitwa pengo. Na jino likipasuka, pale pana ufa. Lugha yetu basi imekwisha kuyatenga mambo matatu ambayo mfasiri ameyachanganya: mwanya ni nafasi iliyokusudiwa, pengo ni mahali palipopotewa na kitu, na ufa ni mpasuko. Katika njia ya bustani yote matatu yanaweza kuwapo kwa pamoja, na fundi anahitaji kujua ni lipi analoambiwa alishughulikie.

Faida ya pili ya mwanya ni kwamba unakuja na kitenzi chake. Kazi ya kutoa mchanganyiko uliooza mfasiri ameiita "kuondoa". Kuondoa hakuonyeshi namna. Aliye na mwanya wa meno huuchokoa. Na fundi pia huichokoa mianya kwa tindo jembamba, polepole, asije akazivunja ncha za mabamba. Kina cha kuchokoa kisipungue mara mbili ya upana wa mwanya, na kwa njia za kutembelea ni bora kifike milimita 30 au 40, maana mchanganyiko uliopakwa juu juu hubanduka mapema.

2. Jina la tendo

Hapa ndipo penye kosa lililotufanya tuiandike tahakiki hii. Kitenzi ambacho Waingereza hukitumia kwa kazi ya kujaza mianya kinafanana kabisa na kile chenye maana ya kuonyesha kwa kidole. Mfasiri amefungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, akaandika kuelekeza viungo. Katika ukurasa mwingine, pengine baada ya kuona kuwa maneno hayo hayaleti maana, ameandika kupiga lipu viungo, na mwishoni kabisa kupiga pointi.

Kuelekeza hakuhitaji maelezo. Hakuna fundi atakayejua la kufanya. Kupiga pointi kuna hoja yake. Viko viwanja vya ujenzi ambako husikika, na wako watakaosema kwamba neno la fundi ndilo neno. Sisi hatuyakatai maneno ya kukopa. Lipu, zege na bomba ni yetu leo, na hakuna anayeyauliza yalikotoka. Lakini pointi imekwisha kushika nafasi mbili, ya mchezo na ya hoja, na hapa inakopwa ilhali nyumbani mmejaa. Tutaonyesha hivi punde kwamba neno lipo.

Kupiga lipu ndiko kunakoleta hasara ya kuhesabika. Lipu hufunika uso mzima wa ukuta. Chukua njia yenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 1.2, iliyotandikwa mabamba ya milimita 600 kwa 600. Yatakuwamo mabamba 100. Mianya yake, ukiacha ya kingoni, ni mmoja wa kati wa mita 30 na ya kukata 49, kila mmoja mita 1.2, jumla yake ni takriban mita 89. Ikijazwa kwa upana wa milimita 10 na kina cha milimita 40, mchanganyiko utakaohitajika ni kiasi cha lita 36, yaani ndoo 2 za lita 20 hazitajaa. Lakini fundi akitii neno lipu, akapaka njia yote kwa unene wa milimita 10 tu, atatumia lita 360. Hiyo ni mara 10 ya kiasi kilichotakiwa. Tena atakuwa ameiharibu njia, kwa sababu saruji ikikauka juu ya uso wa bamba huacha madoa yasiyotoka kwa urahisi, na tabaka jembamba namna hiyo hupasuka na kumenyuka. Shina la hasara hiyo yote litakuwa neno moja.

Waashi wa pwani wana msamiati uliopambanuliwa kwa makini kuliko wafasiri wengi wanavyodhani. Kuaka ni kujenga kwa mawe na chokaa, na kitenzi hicho ndicho kilichozaa mwashi na uashi. Kukandika ni kujaza udongo katika ukuta wa fito. Kusiriba ni kupaka tabaka la kulainisha uso. Kusakifu ni kutengeneza sakafu, na kupigilia ni kuishindilia sakafu hiyo hadi ishikamane. Na kutomea ni kuzijaza nafasi zilizobaki kati ya mawe ya ukuta kwa vijiwe na mchanganyiko. Neno hili limo katika kamusi za zamani, na maana yake ndiyo hasa anayoitafuta mfasiri wetu.

Huenda ikasemwa kwamba kutomea ni kazi ya ukuta, hali njia hulala chini; na kwamba katika kutomea kwa asili vijiwe hutumika, ambapo katika mianya ya mabamba hakuna nafasi ya kijiwe. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halitoshi. Kupanua maana ya neno lililopo ni njia mojawapo inayokubalika ya kuunda istilahi, mradi kiini cha maana kisibadilike. Kiini cha kutomea ni kujaza nafasi iliyo baina ya jiwe na jiwe bila ya kuufunika uso wa jiwe, na kiini hicho kinabaki vile vile iwe mawe yamesimama au yamelala. Kwa hiyo tunapendekeza kutomea mianya kwa kazi ya mara ya kwanza, na kutomea upya kwa kazi ya kukarabati.

3. Jina la kitu kinachojazwa

Tafsiri inamwamuru fundi "ajaze saruji". Kijitabu cha asili hakikusema hivyo. Kimesema mchanganyiko wa mchanga sehemu 4 kwa saruji sehemu 1, wenye unyevu wa kadiri, ambao ukiufumbata kiganjani hushikamana kama tonge na mkono haubaki umelowa. Saruji tupu ni ghali, hunywea inapokomaa, nayo hupasuka. Mfasiri hakukosa kujua hayo, kwa sababu vipimo amevitafsiri sawasawa mahali pengine. Amekosa tu neno la kuuita mchanganyiko, akautaja kwa jina la sehemu yake moja.

Historia ya neno saruji yenyewe ingeweza kumpa tahadhari. Neno hili lilitufikia kutoka upande wa Uarabuni na Uajemi, ambako lilikuwa jina la mchanganyiko wa asili usiopitisha maji kwa urahisi. Huko Omani ulitumiwa katika ngome na katika mifereji ya falaji. Saruji ya viwandani tuijuayo ilianza kwa hataza aliyoipata Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824, na Kiswahili kikalihamisha neno la zamani kwenye kitu kipya. Uhamisho huo umefaulu. Leo saruji ni unga wa mfukoni, na ukishakuwa na maana hiyo hauwezi tena kuwa jina la mchanganyiko.

Jambo hili si la bustani peke yake. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuta nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo zikitomewa kwa saruji, ugumu wake huuzuia unyevu kutoka, na jiwe, ambalo ni laini kuliko saruji, ndilo linaloanza kuliwa. Mfasiri aliyezoea kuandika saruji kila penye mchanganyiko, siku atakapopewa mwongozo wa kuhifadhi majengo kama hayo ataandika maangamizi yake.

Mafundi wengine husema mota, wengine huuita mchanganyiko huo udongo. Udongo katika maandishi ya kufundishia utampeleka mwanafunzi shambani. Mota inagongana na mota ya umeme, lakini mbili hizo, kama paa na paa, ni shida kukutana katika sentensi moja. Tunapendekeza mota ikubaliwe, na kila inapotajwa kwa mara ya kwanza ibainishwe: mota ya saruji au mota ya chokaa.

4. Kukausha na kukomaza

Sura ya mwisho ya kijitabu inaeleza namna ya kuitunza kazi mpya. Mfasiri ameiita sura hiyo "Kukausha". Hili ni kosa baya kuliko linavyoonekana, kwa kuwa linaamuru kinyume cha kinachotakiwa. Mota ya saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa sababu saruji na maji huingiliana na kuwa kitu kipya, na maji yakitoka mapema kazi hiyo husimama njiani. Kinachotakiwa ni kuizuia isikauke upesi: mabamba yalowanishwe kidogo kabla ya kutomea, kisha mianya ifunikwe kwa magunia yenye maji au kwa turubai, na watu wasipite kwa siku 1 au 2. Fundi wa Dodoma au wa Tanga akisoma "kausha" ataiacha kazi juani saa sita ya mchana, na baada ya miezi michache mianya itakuwa unga.

Wafasiri wengine wametumia kutibu na kuponya, kana kwamba mota ilikuwa mgonjwa. Sisi tunaona kukomaza kunafaa zaidi. Embe hukomaa, muhogo hukomaa, na kila mtu anajua kwamba ukomavu unataka muda na hauharakishwi kwa jua kali.

Katika sura hiyo hiyo kuna onyo la kutofanya kazi penye jalidi. Limetafsiriwa sawasawa, na litawafaa wasomaji wa Kitulo na Makete. Kwa wasomaji wengine halina kazi, na onyo wanalolihitaji, la jua kali na la mvua za masika, halimo. Hilo si kosa la istilahi, lakini mfasiri wa maandishi ya ufundi hana budi kumwuliza mwenye kijitabu ruhusa ya kuongeza linalohusu nchi ya msomaji.

5. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza wafasiri, walimu wa ufundi na watayarishaji wa mikataba watumie maneno yafuatayo:

Bamba (ma-): jiwe bapa au zege bapa la kutandikia njia.
Mwanya (mi-): nafasi iliyoachwa kwa makusudi kati ya bamba na bamba.
Ufa (ny-): mpasuko katika bamba au katika mota.
Kuchokoa: kutoa mota ya zamani katika mwanya.
Mota ya saruji. Mota ya chokaa: mchanganyiko wa mchanga na saruji, au wa mchanga na chokaa.
Kutomea, kutomea upya: kujaza mianya kwa mota bila ya kuufunika uso wa bamba.
Mwiko wa kutomea: mwiko mwembamba wa kushindilia mota mwanyani.
Kukomaza: kuitunza mota katika unyevu mpaka iwe ngumu.

Kuna aina moja ya njia ambayo maneno haya hayaihusu yote. Vitofali vidogo vya zege, ambavyo mitaani huitwa pevingi, hupangwa karibu karibu kwa mianya ya milimita chache, nayo hujazwa mchanga mkavu wa kufagia. Kazi hiyo si kutomea, na mkataba usiitaje hivyo.

Maneno haya hatukuyatunga mezani; karibu yote yalikuwamo katika vinywa vya mafundi au katika kamusi kabla mfasiri wetu hajashika kalamu. Kasoro yake ni kwamba aliiuliza kamusi ya Kiingereza, asimwulize mwashi. Bila shaka yako pia maneno ya Lamu, Pemba, Kilwa na ya miji ya bara ambayo hayajatufikia. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, wahandisi wa halmashauri na wafasiri watuletee maneno ambayo mafundi wa kwao huyatumia kwa mwanya, kwa kutomea na kwa mwiko wake, pamoja na jina la mahali yanaposemwa na sentensi moja ya mfano. Yatakayopatikana yatajadiliwa na kulinganishwa na haya, na penye neno bora kuliko letu, letu litaondolewa.